Raba za mazoezi za elfu kumi na tano, miezi kumi na goti langu

Naandika hii kwa ajili ya yeyote aliyeumia goti uwanjani na sahivi yuko kitandani anaangalia dari anajiuliza anunue nini, maana mi nimenunua vitu vingi sana kwa ajili ya huu mguu na kimoja tu ndio nimekitumia kuanzia siku ya kwanza mpaka leo, nacho ni cha bei ndogo kuliko vyote. Raba za mazoezi. Sio viatu, ni mikanda ya mpira inayovutika. Zile za mviringo, bapa, ziko tano kwenye kifuko cha wavu, nilizipata Kariakoo kwa 15,000, alafu nikaongeza 12,000 nikachukua na ile ndefu isiyofungwa, kama mita moja na nusu hivi.

Nieleze kwanza goti ili mjue naongelea nini. Nacheza netiboli timu ya kazini, nafasi ya GD (beki), mazoezi jioni mara mbili kwa wiki kwenye uwanja wa saruji. Ulikuja mpira wa juu nikaruka, nikaudaka, nikatua na mguu wa kushoto. Wanaocheza wanajua, netiboli ukishadaka hakuna kukimbia na mpira, ule mguu uliotua nao ukiunyanyua huruhusiwi kuukanyagisha tena kabla mpira haujatoka mkononi, kwa hiyo mwili mzima unafunga breki juu ya goti moja. Mimi mwili ulisimama, goti likazunguka. Ulitoka mlio kama mtu kavunja muwa, GK wangu, yule mlinda goli aliyekuwa nyuma yangu, aliusikia. Mpaka saa moja usiku goti lilikuwa kama papai. Baadae MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, ikaonyesha ACL imekatika yote, ile kamba ya katikati ya goti inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele. Sisi wanawake tunaikata zaidi kuliko wanaume, na michezo ya kuruka na kusimama ghafla kama huu wetu ndio hasa.

Kabla ya hiyo MRI nilipelekwa kwa mtu wa kukanda, maji ya moto na mafuta, akalivuta goti huku mama kanishika mabega. Usiku ule sikulala, uvimbe uliongezeka mara mbili. Jamani goti likivimba siku za mwanzo msilikande na msiliweke moto, ni barafu kwenye kitambaa, mguu juu ya mito, basi.

Sasa raba. Fizio wangu, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinambia ninunue hata kabla ya oparesheni ya kuweka kamba mpya, akasema mguu unaoingia kwenye oparesheni ukiwa na nguvu na ukiwa unanyooka vizuri unatoka na nguvu, kwa hiyo zile wiki saba za kusubiri uvimbe uishe nisikae tu. Nilidhani ananifariji. Kijana mdogo, ananiita dada, ila kwenye kazi yake hana utani hata kidogo.

Wiki mbili za kwanza baada ya oparesheni raba ndefu ndio iliyofanya kazi, na kazi yenyewe ukiiona utasema hii nayo ni mazoezi? Umekaa kitandani mguu umenyooka, unapitisha raba chini ya nyayo, ncha mbili umeshika mikononi, unasukuma nyayo mbele kama unakanyaga pedeli, unarudisha taratibu. Ishirini, unapumzika, ishirini tena, kila saa. Inasukuma damu isilale kwenye shavu la mguu. Na katikati unakaza paja goti likiwa limenyooka kabisa, unahesabu mpaka kumi. Nakumbuka siku ya tatu naliambia paja langu kaza na halikazi. Naliangalia, najua ni langu, amri inatoka kichwani haifiki. Nililia siku ile kuliko siku niliyoumia. Fizio akaniwekea kidole juu ya goti upande wa ndani, pale penye kinyama kama tone, akasema dada usiangalie mguu wote, angalia hapa tu, siku kikicheza hiki nipigie simu. Kilicheza siku ya tano, saa tisa usiku, nikampigia saa kumi na mbili asubuhi.

Hicho kinyama ndio kimenifanya niziamini hizi raba. Kuna zoezi moja nitalieleza vizuri kwa sababu nimelifanya mara elfu. Chukua raba ya mviringo iliyo nzito kidogo, izungushie kwenye mguu wa kitanda kizito (changu cha mninga, cha chuma chepesi kitakufuata), ingiza mguu wako raba ikae nyuma ya goti, uso uangalie kitanda, rudi nyuma mpaka raba ivutike. Raba inalivuta goti likunje kwenda mbele, we unalirudisha nyuma mpaka linyooke kabisa, unashika sekunde tano. Fanya kumi na tano. Paja linatetemeka lote, jasho linatoka mgongoni utadhani umekimbia, na hujasogea hata hatua moja. Nilikuwa napima paja na futi ya fundi cherehani, sentimita kumi juu ya goti, kila Jumapili. Wiki ya pili la kushoto lilikuwa dogo kwa sentimita nne. Mwezi wa tano, mbili. Juzi, nusu.

Ila sio kila zoezi unaloliona kwenye simu ni lako, na hapa raba inaweza kukuharibia. Mimi kamba mpya walinitengenezea kwa kano ya nyuma ya paja langu mwenyewe, kwa hiyo fizio alinikataza kabisa wiki za mwanzo kuvuta kisigino nyuma dhidi ya raba, maana pale walipochukua kano pana jeraha. Akakataza pia kukaa kwenye kiti ukafunga raba kwenye enka (kifundo cha mguu) ukanyoosha mguu mbele, mpaka aseme yeye. Karatasi iliyokuja na raba ina picha za mazoezi yote hayo na haikukatazi chochote. Kwa hiyo nunua raba ndio, lakini wa kukwambia ufanye lipi na lini ni mtaalamu aliyeshika goti lako.

Ubora wenyewe. Raba za mpira zinanuka, hizi zilinuka kama tairi jipya wiki nzima, nikazipaka poda ya mtoto harufu ikapungua na zikaacha kunatana. Ukivaa juu ya goti kwenye ngozi tupu zinajikunja zinakuwa kamba na zinabana nyama, vaa juu ya leggingsi, mi nilikuwa navaa chini ya dera nafanya hata wageni wakiwepo sebuleni. Rangi msizifuate. Wale TheraBand, kampuni ya kutengeneza raba hizi, wana mpangilio wao, njano ni nyepesi, inafuata nyekundu, kijani, buluu, nyeusi, na mafizio wengi wanaongea kwa rangi hizo, "wiki hii twende kijani". Hizi za kwangu kijani ndio nyepesi kuliko zote na njano inakaribia kuwa nzito kuliko zote, kwa hiyo mara ya kwanza nilifanya zoezi na raba ambayo sio niliyoambiwa. Zibebe zote ukamuonyeshe azivute kwa mkono wake.

Na moja ilikatika. Ile njano, mwezi wa nne, ikiwa kwenye mguu wa kitanda, ikanichapa kwenye kifundo cha mkono ikaacha alama siku tatu. Nilipoiangalia pembeni ilikuwa na mkato mdogo kama wa wembe, na nilikuwa naianika kwenye kamba ya nguo juani baada ya kuiosha, jua linaua mpira. Tangu hapo kabla sijaanza naivuta kidogo mbele ya dirisha naangalia kama kuna mpasuko, na naziweka kwenye droo. Naomba msifanye zoezi lolote ambalo raba ikikatika inakuja usoni.

Vitu vingine nilivyonunua, haraka haraka. Ile ya kuvaa gotini yenye vyuma pembeni, 180,000, nimeivaa wiki tatu ikakaa kabatini, ilinipa ujasiri kwenye daladala na sio zaidi, daktari alishanambia haiongezi nguvu ya kamba mpya nikawa sikubali. Magongo ni lazima, angalia tu mpira wa chini usiwe umelika, sakafu ya vigae ikiwa na maji ni hatari. Jimu ya mtaani nililipia mwezi mmoja kwa ajili ya baiskeli, wiki ya saba, goti likiwa linakunja vya kutosha kuzungusha pedeli, na ile siku pedeli ilipozunguka mzunguko mzima nilifurahi sana.

Pumzi nayo inakimbia, tena haraka kuliko nyama. Wiki za magongo nilikuwa nafanya mikono na dumu la maji la lita tano, kilo tano kamili, nimekaa kwenye kiti nanyanyua juu, navuta raba ndefu iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha kwa kasi dakika mbili napumzika moja mpaka nahema. Na mguu wa kulia niliufanyisha kazi kama kawaida. Nilimuuliza fizio si utazidi kuuacha mwenzie, akasema hapana, ukiufanyisha kazi mguu mzima hata ule mgonjwa unabaki na nguvu kidogo, ubongo na mishipa ya fahamu inafundishana upande kwa upande. Chakula sikupunguza kama nilivyotaka, nyama haijengwi na uji mtupu, nilikula mayai, dagaa, maharage kila siku.

Nikija kwenye uvumilivu, mwezi wa tatu ndio ulionishinda. Huo mwezi goti haliumi. Unatembea vizuri, unapanda ngazi, watu wanakwambia umepona, shoga zako wanakuuliza Jumamosi unakuja? Na ndio mwezi ambao ile kamba mpya iko vibaya, maana kano ikishahamishwa inakuwa imekatiwa damu, inabidi mishipa mipya ya damu iingie taratibu ndio igeuke kuwa ligamenti, na katikati ya hiyo kazi inakuwa dhaifu kuliko siku ilipofungwa. Yaani maumivu yanaisha kabla goti halijawa tayari, hakuna kitu ndani ya mwili kitakachokuzuia zaidi ya mtu kukwambia. Fizio aliniambia kuna utafiti uliokuta kila mwezi unaoongeza kusubiri, mpaka ufike wa tisa, unapunguza karibu nusu uwezekano wa kuliumiza goti tena. Niliandika 9 kwa peni nyeusi kwenye ile raba ya buluu, ikawa kila nikiivaa naiona.

Kaka yangu mpenda mpira ndio alinituliza vizuri zaidi. Akaniambia unakumbuka Samatta alivyoenda Aston Villa Januari 2020? Nafasi ilipatikana kwa sababu mshambuliaji wao Mbrazili, Wesley, aliumia goti 1 Januari kule Burnley. Sisi huku tulishangilia, Samatta akafunga mpaka fainali ya Carabao na Man City, na muda wote huo Wesley yuko jimu. Hakuichezea timu ya kwanza tena mpaka 2021. Mtu ana madaktari wa Premia Ligi, hana kazi nyingine zaidi ya goti lake, na ilimchukua zaidi ya mwaka. Basi nikaacha kuhesabu wiki.

Niseme na hili kwa sababu hakuna aliyenambia kabla. Choo cha kuchuchumaa hukiwezi, tafuta kile kiti cha plastiki chenye tundu mapema. Na kwa Waislamu wenzangu, nilisali kwenye kiti miezi mitano na nusu. Nilikuwa nafanya zoezi la kukunja goti kila siku baada ya alfajiri, raba ndefu imefungwa enka naivuta kwa mikono kisigino kije kwenye kalio, kila wiki upana wa kidole. Ijumaa moja nikajaribu, nikaweka mto nyuma ya goti, nikasujudu, nikakaa tahiyatu. Goti lilivuta ila lilikubali. Mama alikuwa pembeni yangu, akatoa salamu akaniangalia hakusema kitu, akautoa mkono wake kwenye kanga akalishika goti.

Mwezi wa tisa nilipimwa, kuruka kwa mguu mmoja mbele, mara moja na mara tatu mfululizo, wanalinganisha na mguu mzima, ufike angalau asilimia 90. Nilipata 86. Nikarudi kwenye kitanda na raba wiki tano nyingine, nikapata 93. Sahivi nacheza robo moja, dakika kumi na tano, natoka, na kabla ya kuingia navaa ya buluu juu ya magoti natembea pembeni kama kaa hatua ishirini kila upande, nimewaambukiza timu nzima, tunatua kwa miguu miwili goti likiangalia vidole.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa ajili ya ile njano na kwa ajili ya karatasi ya picha. Ukienda Kariakoo usichukue ya kwanza unayoonyeshwa, ivute, inuse, iangalie kwenye mwanga pembeni, alafu angalia kama maungio yamegandishwa vizuri, yakianza kubanduka iache. Mwenye kitanda chepesi funga kwenye nondo ya dirisha la chini au kwenye mguu wa kabati lililojaa. Anayetaka nimuonyeshe namna ya kufunga aniulize, nitamjibu.