Nguzo za skrubu Kigamboni: chuma kizuri, opareta ndo mtihani

Wadau mnaojenga kwenye mchanga na maji ya karibu kama huku kwetu Kigamboni, nimefungiwa nguzo za skrubu kwa ajili ya banda la biashara, kampuni siitaji ila huduma yao naisema yote. Kwa asiyezijua, ni bomba la chuma lenye sahani iliyojipinda huku chini, kijiko kinafungwa mota ya haidroliki kinalizungusha mpaka lizame, huchimbi, hupampu maji, husubiri zege likomae. Na sio kitu cha juzi, Alexander Mitchell wa Ireland, tena alikuwa kipofu, alizisajili 1833, na 1838 zikaanza kuzamishwa Maplin Sands mdomoni mwa mto Thames kubeba mnara wa taa, mchanga na maji vilevile.

Mzigo wenyewe sina neno, mabomba ya milimita 89, yamechovywa zinki vizuri, na kwa chumvi ya huku usikubali pungufu. Kasheshe ilikuwa ufungaji. Sahani zetu zina hatua ya milimita 75, maana yake kila mzunguko nguzo ishuke kiasi hichohicho, mita moja kama mizunguko 13 hivi. Injinia wetu akachora alama za chaki kwenye bomba. Opareta wa kwanza kaja na haraka zake, anazungusha spidi hakandamizi, bomba linazunguka weee alama ya chaki iko palepale! Hapo sahani inasaga mchanga badala ya kuukata, unabaki na kitu kama skrubu inayozunguka bure kwenye mbao, na inayoumia zaidi ni nguvu ya kuzuia kung'oka, wakati upepo wa bahari ndo unanyanyua mabati. Kuuliza, jibu "braza itashika tu mbele". Injinia akasimamisha kazi.

Wakaleta mzee mmoja, huyo ndo fundi. Mdogomdogo, mkono wa kijiko unakandamiza muda wote, pima maji anaiweka pande mbili kabla hajaendelea, jicho kwenye geji ya toki, yaani nguvu ya kuzungusha bomba. Zile nguzo zilizosaga mchanga hakuzichomoa azirudishe shimo lilelile, aliunga bomba akazishusha mpaka kwenye udongo ambao haujaguswa, na gharama ya kuunga wakabeba wao, hilo nawapa maua yao.

Geji ina maana yake bana, kwa bomba la saizi hii ukizidisha toki ya mwisho kwa 23 unapata makadirio ya uwezo wa nguzo kubeba, toki ya kilonyutoni mita 5 ni kama kilonyutoni 115, unagawa kwa mbili ubaki salama, karibu tani 5.8. Ila hesabu hiyo inataka nguzo iliyoshuka sawasawa, iliyosaga udongo usiihesabie hivyo.

Nyota tatu. Ya nne imeliwa na karatasi ya toki ya kila nguzo, wamenipa baada ya mimi kuzuia malipo ya mwisho. Ya tano muulizeni yule opareta wa "braza".