Wape Jina Uwatawale: Uhakiki wa Kitabu cha Mahmood Mamdani Kuhusu Kabila na Dola

Kitabu cha Mahmood Mamdani, mwanazuoni wa Uganda, kiitwacho Define and Rule, kilichotolewa na Harvard University Press mwaka 2012, ni chembamba kiasi kwamba nilikimaliza katika safari moja ya treni kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha nikalazimika kukirudia nyumbani kwa siku nne nikiwa na penseli mkononi. Kinatokana na mihadhara mitatu aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Harvard, na bado kina tabia ya mhadhara: hakimpashi msomaji joto, bali kinamchukulia kuwa mtu aliyekwisha kuketi darasani na kufungua daftari. Kiingereza chake ni kizito, na anayekutana na mwanazuoni huyu kwa mara ya kwanza ataona kurasa za mwanzo kama ngazi isiyo na mahali pa kushika. Ningemshauri aanze na sura ya tatu, inayomhusu Nyerere, kisha arudi nyuma.

Shuleni tulifundishwa kwamba Mwingereza aliwagawanya watu ndipo akawatawala. Mamdani anadai kwamba huko kugawanya kulitanguliwa na jambo jingine lililofanyika kimyakimya ofisini, yaani kumpa kila mtu jina, sheria na mahali pake. Mambo hayo matatu yakishaandikwa, mgawanyiko hauhitaji tena kusukumwa. Anaanzia India, ambako uasi wa 1857 uliwafanya watawala wajiulize walikosea wapi. Mwanasheria Henry Maine, aliyeitumikia serikali ya India katika miaka ya 1860, aliwapatia jibu walilolipenda: watu wa Magharibi huishi kwa sheria inayokua, wenyeji wa makoloni huishi kwa mila iliyoganda, na kwa hiyo kazi ya dola ni kuilinda mila hiyo badala ya kuhangaika kuwabadilisha. Maofisa waliomsoma Maine wakalibeba wazo hilo hadi Afrika. Lugard alilitumia Nigeria, MacMichael akalitumia Sudan, na Donald Cameron, aliyeanza ugavana wa Tanganyika mwaka 1925, akawa na sheria ya mamlaka za wenyeji mezani ilipofika 1926.

Uti wa mgongo wa kitabu ni tofauti kati ya mafungu mawili. Aliyehesabiwa kuwa mgeni, kama Mhindi au Mwarabu, aliwekwa katika fungu la rangi na kuhukumiwa kwa sheria ya kiraia. Aliyehesabiwa kuwa mwenyeji aliwekwa katika fungu la kabila na kuhukumiwa kwa mila, chini ya chifu, katika ardhi iliyotajwa kuwa ya kabila lake. Akihamia kwingine alikuwa mgeni hata kama ameishi huko miaka 40. Nilipofika hapo nilitoa kitambulisho changu mfukoni nikakigeuza. Nyuma pameandikwa wilaya, tarafa, kata na kata ndogo, na mahali penyewe ni kwa baba yake babu, ambako sijawahi kulala usiku hata mmoja. Sheria ya usajili wa watu nchini Kenya ilitaka mtu ataje pia kabila au rangi yake, na maneno hayo mawili yamewekwa bega kwa bega kana kwamba Cameron ndiye aliyeshika kalamu.

Udhaifu mkubwa wa kitabu ni kwamba kinasikiliza ofisi kuliko baraza. Anayepewa jina humu karibu kila mara ni mtu wa kupokea tu, ilhali sisi wa pwani tunajua kwamba watu walilipigania jina, walilikataa, na wakati mwingine walilinunua kwa gharama kubwa. Wazee wa Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa hapa Mombasa, walihangaika wakati wa Mwingereza ili wasihesabiwe kuwa wenyeji, kwa sababu wenyeji walikuwa na kodi yao na hadhi yao ya chini. (Na hilo neno taifa, ambalo leo tunalitumia kwa nchi nzima, kwao lilikuwa na maana ya kundi moja la mji; Mamdani, aliyefundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, angeweza kuandika kurasa kumi juu yake.) Karibu nasi zaidi ni Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mwaka 2016 walifunga safari hadi Ikulu ya Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Haikupita miezi mingi, Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa la 44. Mhindi, ambaye mkoloni alimweka katika fungu la rangi, amehamishiwa katika fungu la kabila kwa tangazo la serikali, naye amelipokea kwa furaha, kwa maana huo ndio mlango uliokuwa wazi. Nadharia ya Mamdani inaeleza vizuri jinsi mlango huo ulivyojengwa, lakini haielezi vya kutosha kwa nini watu hupanga foleni mbele yake.

Sura ya tatu ndiyo iliyonifanya nione kwamba fedha zangu hazikupotea. Mamdani hamsifu Nyerere kwa ujamaa. Anamsifu kwa kuivunja ile mashine ya mafungu mawili bila vita vya wenyewe kwa wenyewe. Oktoba 1961, kabla hata ya uhuru, wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Nyerere alitishia kujiuzulu. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yaliondolewa, na mahakama za wenyeji zikaunganishwa na za kiserikali. Mapema Januari 1964 alitangaza kwamba sera ya kuwapendelea Waafrika katika ajira za serikali imekwisha, na kabla ya mwezi kumalizika askari wakaasi. Mamdani anayapanga matukio haya kwa ustadi, ili msomaji aone kwamba kuwaunganisha raia kulikuwa na gharama, na kwamba mwenye kulipa alikuwa akijua bei. Ningeongeza, kwa upande wangu, kwamba sensa ya mwisho ya Tanzania kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, ilhali ya Kenya inauliza hadi leo.

Hata hivyo sura hii ni fupi mno kwa sifa inazozitoa. Dola hiyohiyo iliyofuta mafungu ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki tangu 1962, na katika miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya watu vijijini, wengi wao kwa nguvu. La kushangaza zaidi ni jinsi Zanzibar ilivyokosa nafasi inayostahili. Mapinduzi ya Januari 1964 yalitenganisha mwenyeji na mgeni kwa panga, mwezi uleule ambao Nyerere alikuwa akifuta tofauti hiyo bara, na miezi mitatu baadaye nchi hizo mbili zikaungana. Kitabu kinachouliza mwenyeji ni nani kilipaswa kuvuka bahari hadi kisiwani.

Anayetaka ushahidi wa nchi nyingi zaidi akitafute kitabu kingine cha Mamdani, Citizen and Subject cha mwaka 1996, ambacho ni kinene na kimetulia zaidi. Kwa mwalimu wa historia au uraia mwenye nafasi ya kununua kimoja tu, bado ningechagua hiki chembamba, na kurasa za Cameron ningezisoma na wanafunzi huku vitambulisho vya wazazi wao viko mezani, upande wa nyuma ukiwa juu.