Nilitafuta mkutano wa AA Nakuru, nikachangia harusi ya watu

Nyota nne kwa AA, yaani Alcoholics Anonymous, kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya lango, na nitaeleza.

Mimi ni fundi wa nguo, mtaa wa Free Area. Miaka sita chupa yangu ilikaa kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi. Asubuhi mikono ilitetemeka hadi uzi ukakataa kuingia kwenye sindano, kwa hivyo lazima nitoe loki kwanza, yaani ninywe kidogo mikono itulie, ndipo nifungue kibanda. Siku niliyoshonea sare ya mtoto wa watu mikono miwili, yote ya kushoto, na mama yake akaishika juu kunionyesha bila kusema neno, ndiyo siku niliyopiga 1192. Hiyo ni laini ya simu ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haikati pesa. Nikashauriwa nionane na daktari kabla ya kuacha, kwa sababu mtu wa kunywa kila siku akikata ghafla anaweza kuanguka na degedege, hata afe. Nilidhani ni vitisho. Daktari akasema hayohayo, akanipa dawa na tarehe ya kurudi.

Rihabu, kile kituo cha kulazwa ili uache pombe, niliuliza bei nikaona heri nibaki na cherehani. AA ni bure. Kofia hupitishwa mwishoni, ukiwa nayo unatia, usipokuwa nayo unaipitisha kwa jirani, na hakuna anayechungulia. Hiyo hela ni ya chai na kodi ya chumba. Msaada kutoka nje hawapokei, ndiyo kanuni yao.

Sasa lango. Mkutano uko kwenye ukumbi wa kanisa fulani mjini, na nje hakuna hata karatasi. Najua mambo yao ni ya siri, lakini mgeni atajuaje? Askari, mzee wa makamo, akaniuliza, "Mama, unaenda wapi?" Ulimi ukanasa. Nikasema, "Mkutano wa kina mama, mzee." Akanisindikiza mwenyewe, kwa heshima zote, hadi mlangoni. Nikaketi, nikasubiri mtu aanze kusema yeye ni mlevi. Kumbe ni kamati ya harusi! Nilikaa dakika ishirini nikaona aibu kutoka, nikachanga mia mbili za hema, nikaandikwa kwenye daftari. Usiku huo nililewa, sifichi.

Jumamosi iliyofuata nilisimama ng'ambo ya barabara hadi nikaona mwanamume amebeba birika kubwa la chai na mkate. Nikamfuata.

Chumba kina viti vya plastiki, watu kumi na mmoja, wanawake wawili pamoja nami. Yule wa birika alikuwa anagawa chai. Wengine aliwajazia vikombe hadi pomoni, mimi akanitilia nusu. Nikaona nimedharauliwa. Nilipokishika na kikaanza kugonga meno ndipo nikaelewa kwamba aliiona mikono yangu kabla ya uso wangu. Alirudi mara mbili kuniongezea, nusu nusu.

Mtu anataja jina lake la kwanza, anasema ni mlevi, anasimulia, wenzake hawamkatizi wala hawamshauri. Kiswahili na Kiingereza vinachanganywa, mmoja akizidiwa anamalizia kwa lugha ya kwao. Wanasema kitu hiki kilianza 1935 huko Akron, Marekani, mtu wa soko la hisa alipokutana na daktari wa upasuaji, wote walevi, wakagundua kwamba wakiongea wenyewe kwa wenyewe kiu inapungua. Kwetu ilikuwa fundi nguo na dereva wa bodaboda. Alieleza alivyokuwa akificha mzinga ndani ya kiti cha pikipiki, nikaona droo yangu.

Baada ya mkutano yule mwanamke mwingine, mtu mzima, akanivuta kando: "Binti yangu, sasa utafute sponsa." Nikacheka kwa mara ya kwanza mwezi huo, maana kwetu sponsa ni mwanamume mwenye pesa anayemgharamia mpenzi mdogo. Kumbe kwao sponsa ni mtu aliyetangulia kuacha, unayempigia kiu ikikushika, na hushauriwa mwanamke apate wa kike. Wangetafuta neno lingine kwa Kenya hii. Wangu ni yeye huyo. Nimempigia saa tisa usiku akapokea kama aliyekuwa ameketi karibu na simu.

Malalamiko mengine ni madogo. Kuna mzee mmoja akipata nafasi ya kusema, funga kazi. Sarafu wanazokupa za kuhesabu muda tangu uache pombe huisha. Mwezi wangu mmoja ulipotimia walikuwa na ya miezi miwili pekee, wakanipa, wakaniambia niikimbize. Mkutano wa Jumanne hutoka giza limeingia, kwa mwanamke anayerudi kwa matatu si mzuri, chagua Jumamosi. Na uliza kama ni wa wazi au wa kufungwa: dada yangu alinisindikiza ule wa kufungwa akaombwa kwa upole angoje nje, kwa vile ni wa wenye nia ya kuacha pombe tu.

Askari ni yuleyule bado. Usimtajie kina mama. Mwambie, "Wale wa birika," atakuonyesha mlango wa nyuma, karibu na tangi la maji.