Taja Filamu kwa Kuona Sahani Tu: Nimefungua Boksi la Kadi za Vyakula vya Kwenye Filamu

Kabla ya salamu, angalia hapa. Unaona nini? Sahani. Juu ya sahani kuna kitu cheusi, kinang'aa, utadhani nyama imeungulia. Usitaje kwanza! Navuta kadi kidogo. Sasa umetokea uma, na uma umezungushiwa vitu virefu, vyembamba. Tambi? Sogeza macho. Tambi gani ina ncha ngumu namna hiyo? Hiyo ni kamba ya kiatu, bwana. Kama umeshapata, andika kwenye maoni sasa hivi, kabla sijavuta tena.

Haya, navuta yote. Kofia nyeusi ya duara, masharubu kiduchu. Charlie Chaplin huyo, The Gold Rush, 1925. Wachimba dhahabu wawili wamekwama kibandani, nje theluji tupu, ndani hakuna hata punje ya chakula, na siku yenyewe ni sikukuu. Chaplin anachemsha kiatu chake, anakipakua, anakikata kwa adabu zote za mezani, kisha misumari anainyonya mmoja mmoja kama mifupa ya kuku. Kiatu kile kilitengenezwa kwa likorisi, ile peremende nyeusi. Karne nzima imepita na mimi juzi nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa ndiyo salamu. Habari zenu wadau, karibuni tena nyumbani. Leo naona mnanisikia vizuri maana nimebadilisha maikrofoni, ile ya zamani mliilalamikia mpaka nikaona aibu. Na wale mnaonidai video ya brenda, nawasikia, inakuja. Leo tupo na hili boksi.

Jina lake silitaji, kwa sababu walioliuza hawajanilipa hata mia. Nimenunua kwa hela yangu Kariakoo, kwa hiyo nitasema ninavyotaka. Ni mchezo wa kubashiri filamu kwa kuangalia chakula kilichomo. Kadi, karatasi ya maelekezo, kile kichupa cha mchanga cha kupimia muda, basi. Mambo ya unene wa kadi na wachezaji wangapi sitapoteza muda wenu, ni kama michezo yote ya kadi. Kichupa cha mchanga weka pembeni, mchanga unagoma katikati, unakitikisa kama chupa ya tomato. Tumia simu.

Kitu kilichonifanya niwashe kamera ni hili kava. Dada, sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Hapo hapo.

Kila kadi inakaa ndani ya kava gumu, na unaivuta kwenda chini. Kinachotoka kwanza ni ule upande wa chini wa picha, na hapo wamechora chakula peke yake. Ukijua hapo, pointi 5. Ukivuta mpaka mstari wa pili inatokea mikono, uma, glasi, vitu vya mezani. Pointi 3. Ukivuta yote unaona nyuso na mahali. Pointi 1, na wenzako wanakuzomea. Ni karatasi tu, haina betri, haina chaji, lakini aliyeifikiria hii kitu ameelewa jambo ambalo wengine wote wamelikosa.

Jambo lenyewe nakuonyesha, wala sikuhubirii. Kadi hii. Navuta mpaka mstari wa kwanza: tambi na kofta za nyama, mchuzi mwekundu. Haya, taja filamu. Unaweza? Huwezi! Watu wamekula tambi kwenye filamu ngapi? Wahuni wa Kitaliano wanakula tambi, watoto wanakula tambi, wapenzi wanakula tambi. Nilipocheza nyumbani, mtu akitaja hapa anataja kwa kubahatisha. Sasa navuta mstari wa pili. Uzi mmoja wa tambi umenyooka, umeshikwa huku na umeshikwa kule. Eeh! Umeona? Bado hujaona uso wa mtu, lakini kichwani kuna kitu kimeshaamka. Navuta yote: pua mbili za mbwa. Lady and the Tramp, 1955. Uchochoroni nyuma ya mgahawa, mwenye mgahawa anapiga akodiani, mbwa wawili wanakula uzi mmoja mpaka midomo inakutana. Na mnajua Walt Disney mwenyewe alikuwa na mpango wa kuikata sehemu hii? Mchoraji wake, Frank Thomas, akaenda kuichora kwanza ndipo akamwonyesha. Leo ukimwambia mtu akutajie kitu kimoja tu kutoka filamu ile, atakutajia tambi.

Kwa hiyo chakula peke yake hakikwambii filamu. Anayekula ndiye anayekwambia. Anakula na nani, anakulaje, ana njaa au anamtisha mwenzake.

Ngoja niwape ya kutisha. Mstari wa kwanza: kipande cha keki ya tufaha, ile ya Kiaustria inayoviringishwa, strudel, juu yake krimu nyeupe. Inavutia, si ndiyo? Mstari wa pili: pembeni kuna glasi ya maziwa, na kwenye ile krimu kuna kishungi cha sigara kimezimwa. Hapo mimi nilipiga meza. Inglourious Basterds, 2009! Paris, wakati wa vita, ofisa wa Kinazi Hans Landa ameketi na binti ambaye yeye ndiye aliyeua familia yake. Anamwagizia keki, anamwagizia maziwa, binti anataka kuanza kula, jamaa anamwambia subiri krimu. Hapigi kelele, hatoi bastola. Anakula tu, anasifia keki, akimaliza anazima sigara ndani yake. Christoph Waltz alipata Oscar kwa nafasi ile, na kwangu mimi aliichukua pale mezani. Unaona mchoraji alivyofanya? Hajamchora Landa kwenye mstari wa pili. Amechora sigara. Huyo mtu ameangalia filamu, akarudia, akajiuliza ni kitu gani hasa kilichobaki kwa mtazamaji.

Ndiyo maana zile programu za simu za mchezo huuhuu zinanichosha. Mnazijua, wanakupa kialama cha baga na kialama cha bastola, unaambiwa taja filamu. Baga na bastola ni nusu ya filamu za Marekani! Halafu ukikosa unaletewa tangazo la nusu dakika. Zile ni za bure, sawa, lakini hata bure ina gharama yake, na gharama yenyewe ni matangazo.

Sasa tumetaja baga, tuingie kwenye kadi iliyoniudhi. Hii hapa. Mstari wa kwanza: baga. Sawa. Mstari wa pili: baga ileile na kikombe cha soda chenye mrija. Navuta yote: ukuta. Ukuta, ndugu zangu! Nyuma ya kadi jibu ni Pulp Fiction, 1994. Hapana, hapana, hapana. Filamu ile ina moja ya sehemu kubwa za chakula zilizowahi kutengenezwa. Samuel L. Jackson anaingia chumba cha vijana waliomdhulumu bosi wake, asubuhi wako na kifungua kinywa chao, anamuuliza kijana kwa upole kabisa anakula nini, anaomba aonje, anang'ata baga ya mwenzake, anaisifia, halafu anaivuta Sprite yote mpaka mrija unalia. Yaani anamla mtu kabla hajampiga risasi! Na wewe mchoraji unanichorea ukuta? Ungeweka ule mkono wenye suti nyeusi umeshika baga iliyong'atwa, watu wangeruka kwenye makochi. Naamini kadi hii imechorwa na mtu mwingine, haiwezekani ni yule wa strudel.

Kadi nyingine ni pointi za bure kabisa. Bilinganya, nyanya na mboga nyingine zimekatwa vipande vyembamba vikapangwa kwa mduara. Ratatouille, 2007. Jina la chakula ndilo jina la filamu, mwenye kujua chakula hana kazi. Ingawa niseme ukweli, sehemu ile mhakiki Anton Ego anaweka uma mdomoni, kalamu inamdondoka, anarudi utotoni jikoni kwa mama yake, mimi huwa natafuta kisingizio cha kwenda kunywa maji. Keki ya chokoleti ya Matilda, 1996, nayo rahisi, yule mtoto analazimishwa kuimaliza keki nzima mbele ya shule.

Bei sasa, maana naona mtu ameshaandika "bei gani" hata video haijafika nusu. Duka la kwanza waliniambia 60,000. Nikageuka. Nilipofika mlangoni nikaitwa, ikawa 45,000. Duka la pili walianzia hapohapo kwenye 45,000, kwa hiyo msikubali 60,000. Je, 45,000 ni halali yake? Dakika tano zilizopita ningekwambia ndiyo bila kupepesa macho. Nikiitazama hii kadi ya baga, naanza kuhesabu.

Na kitu kingine, maelekezo na majibu yote ni Kiingereza. Nilicheza na shangazi yangu, mwanamke ambaye hakuna filamu ya Kihindi asiyoijua, na alipata kadi moja kabla yetu sote. Mstari wa kwanza: vyombo vya chuma, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine vikafungwa pamoja, cha juu kina mchuzi. Sisi bado tunasema "hii ni Kihindi", yeye keshasema ni ile ya chakula kilichokwenda kwa mume asiye wake! The Lunchbox, 2013, Irrfan Khan na Nimrat Kaur. Mke anampikia mumewe, wabeba chakula wa Mumbai wanakosea, chakula kinamfika mzee mpweke ofisini, wanaanza kuandikiana barua ndani ya chombo cha chapati. Shangazi hakujua jina la filamu kwa Kiingereza. Mwanangu wa kiume akasema hapati pointi. Nikamwambia wewe utalala na njaa, mpe shangazi pointi 5. Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwangu: ukisimulia kisa sawasawa, umepata, jina baadaye.

Halafu kuna hii, na hapa ndipo 45,000 yangu ilianza kunirudia. Wale wa kibanda umiza, sogeeni. Mstari wa kwanza: bakuli la supu. Mstari wa pili: bakuli la supu, na lingine, na lingine, meza imejaa supu, hakuna kingine. Nani kakumbuka? Bruce Lee! The Way of the Dragon, 1972! Ametua uwanja wa ndege wa Roma, ana njaa, orodha ya vyakula haisomi, ananyoosha kidole tu huku na kule, analetewa supu tupu. Na anazinywa zote, mwanaume! Sisi pale kibandani tulikuwa tunasubiri amalize supu aanze kupiga watu. Leo naiona upya. Kila aliyewahi kuingia mgahawa wa watu na kunyooshea kidole kitu asichokijua, filamu ile inamhusu yeye.

Kadi ya Parasite, 2019, nayo ipo, na wameipatia. Tambi za pakiti, zile za bei rahisi, pakiti aina mbili zimechanganywa, halafu juu vipande vya nyama ya ng'ombe ya bei mbaya. Sahani moja, na ndani yake tajiri na maskini wamekaa pamoja bila kupendana. Sisemi zaidi kwa ambao hawajaangalia.

Lakini sijaona kadi hata moja ya kwetu huku. Hata moja! Na ya kutengeneza ipo wazi: Queen of Katwe, 2016, ya Mira Nair, Lupita Nyong'o ndani. Mstari wa kwanza, kikombe cha uji. Mstari wa pili, mkono wa mtoto unakishika, na pembeni ubao wa chesi. Watoto wa Katwe, Kampala, wanafuata uji kwanza, chesi inafuata baadaye. Nimeichora mwenyewe, hii hapa, msicheke mkono wangu. Karatasi ya manila, kava nimekata kwenye boksi la viatu, nikapitisha stationari wakanilaminishia. Inavutika vizuri kabisa, angalia. Inakwama kidogo hapa. Sawa, inavutika.

Sasa unaniuliza, ninunue au nitengeneze? Kama una watoto nyumbani na wapenzi wa filamu za aina zote, nunua, ila usizidi 45,000, na kadi ya baga itupe. Kama nyie ni watu wa filamu za Kihindi na kareti tu, nunua manila. Hili boksi langu silibaki nalo, nalitoa kwa mmoja wenu, uji wangu nabaki nao. Kuanzia wiki ijayo video zinahamia Jumamosi jioni, Jumatano kazi imenibana.

Atakayepata boksi ni wa kwanza kujibu hii, jina la filamu na mwaka. Mstari wa kwanza: machungwa. Mstari wa pili: machungwa yanabingirika barabarani. Sivuti tena. Mzee mwenye koti zito alikuwa anayanunua, na mtoto wake wa kiume alikuwa hapohapo kwenye gari. Bila mwaka sihesabu.