Pikipiki za spoti zilizo laini: ipi bado inasisimua?

Wapo wanaoamini kwamba pikipiki ya spoti haina raha mpaka ikutese: klachi nzito, siti ngumu kama ubao, usukani wa chini unaoumiza viganja, na injini inayoshtuka kila ukigusa mafuta. Kwao, pikipiki iliyotulia imeshapoteza roho. Sikubaliani nao hata kidogo, na orodha hii nimeipanga kwa kuangalia jambo ambalo nguvu za farasi haziwezi kukuonyesha.

Ulaini uko wa aina mbili. Wa kwanza unaondoa kero. Mafuta yanaingia bila kushtua katikati ya kona, gia zinapanda bila kugonga, breki inaanza kukamata taratibu kabla haijabana. Ulaini huu unaongeza raha, kwa sababu unakupa ujasiri wa kwenda kasi zaidi kidogo kila mara. Wa pili unaondoa habari. Injini huisikii, tairi la mbele halikwambii kama limeshika au limeanza kuteleza, na mwendo unapanda vilevile kutoka chini hadi juu bila chochote kubadilika. Hapo msisimko ndipo unapofia.

Kumbuka pia kiasi cha pikipiki unachoweza kukitumia kweli. Pikipiki ya cc 1000 yenye nguvu za farasi karibu 200 huvuka kilomita 140 kwa saa ikiwa bado gia ya kwanza. Barabarani utaishi kwenye kipande kidogo cha uwezo wake. Hizi za cc 650 hadi 800 unazifungua mafuta hadi mwisho, unabadilisha gia, unafanya kazi. Kwangu mimi, kazi hiyo ndiyo raha yenyewe.

Namba moja: Aprilia RS 660

Ilitoka mwaka 2020 na bado sijaona ya kuiondoa hapa. Injini yake ya cc 659 ni kama silinda mbili za mbele zilizochukuliwa kutoka V4 kubwa (silinda nne zilizopangwa kama herufi V) ya cc 1100 ya kampuni hiyohiyo. Matoleo ya mwanzo yalitoa nguvu za farasi 100, na pikipiki nzima ikiwa na mafuta ina kilo 183. Uzito huo ndio siri. Ukiigeuza kutoka kona ya kushoto kwenda ya kulia, inakufuata kabla hujamaliza kusukuma usukani.

Inafaa kueleza kwa nini silinda mbili hizi hazisikiki kama mashine ya kushonea. Pini za kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, zimepangwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo milipuko haifuatani kwa vipindi sawa: miwili inakaribiana, halafu kimya kirefu. Yamaha iliutumia mpangilio huu kwenye TRX850 mwaka 1995, na leo umeenea kote kwa sababu unatoa mdundo wa injini ya V bila ukubwa wa V. Mdundo huo unaufikisha mwilini mshiko wa tairi la nyuma. Ni habari, si kelele.

Elektroniki zake zinapima jinsi pikipiki ilivyoinama, hivyo breki za ABS, zinazozuia tairi kukwama ukibana ghafla, zinajua kama uko kwenye kona. Usukani si wa chini sana, na mgongo hautalalamika safari ikirefuka. Kasoro yake ni gharama: iko juu ya nyingi za hapa, na mafundi wanaoijua si wengi kama wa chapa za Kijapani. Kabla hujalipa, hakikisha kuna wa karibu nawe.

Namba mbili: Honda CBR650R

Hii ndiyo inayojibu vizuri zaidi swali la kichwa cha habari. Chini ya mizunguko 6,000 ya injini kwa dakika ni pole mno: silinda nne kwa mstari, mtetemo mdogo, mtu aliyeanza juzi anaweza kwenda nayo kazini. Wengi huijaribu hapo, wakarudi wakisema haina ladha. Waambie waende juu. Nguvu yake ya juu kabisa, takribani farasi 95, iko kwenye mizunguko 12,000, na kati ya 8,000 na hapo sauti inageuka kuwa mlio mrefu ambao injini ya silinda mbili haiwezi kuutoa. Sura mbili ndani ya injini moja, na wewe ndiye unayeamua uione ipi.

Kuanzia toleo la 2024 inapatikana ikiwa na E-Clutch: mota ndogo mbili za umeme zinaendesha klachi badala yako, lakini mkono wa klachi umebaki palepale na ukiubana unatawala wewe. Nilitarajia kuuchukia mfumo huu. Lakini kwenye foleni ni nafuu kubwa, na ukifika barabara wazi gia zinapanda na kushuka bila kugusa klachi. Kero imeondoka, habari zote zimebaki.

Tatizo ni uzito, zaidi ya kilo 205. Kwenye kona zinazofuatana kwa haraka unausikia.

Namba tatu: Triumph Daytona 660

Jina la Daytona lina historia ya ukali, na waliokuwa wanaisubiri Daytona 675 ya zamani irudi walivunjika moyo hii ilipotoka 2024. Naona wanaionea. Silinda tatu zinavuta mapema kama silinda mbili na zinapaa juu kama nne, hadi zaidi ya mizunguko 12,000, na nguvu yake ni farasi 95 kama Honda. Service kubwa ni kila kilomita 16,000, jambo zuri kwa anayeendesha kila siku. Inachokosa ni ule ukali wa mwisho kwenye shokapu, hasa barabara ikiwa mbovu na wewe ukiwa na haraka. Pia kwikishifta, kifaa cha kubadilisha gia bila kubana klachi, kwa kawaida inalipiwa kando.

Namba nne: Yamaha R7

Kama orodha ingekuwa ya msisimko peke yake, ningeipandisha. Injini ya cc 689, nguvu za farasi 73 tu, kilo 188, na shokapu za mbele ambazo unaweza kuzirekebisha. Nguvu ndogo hiyo isikuogopeshe. Hii ndiyo pikipiki inayokufundisha kutunza mwendo ndani ya kona badala ya kuutafuta ukishatoka.

Imeshuka hapa kwa sababu si laini. Siti iko takribani milimita 835 kutoka chini, usukani uko chini, na viganja vinabeba mwili wako mjini. Matoleo ya mwanzo, ya kuanzia 2021, hayana mfumo wa kuzuia tairi la nyuma kuteleza, kwa hiyo ukinunua iliyotumika mvua iheshimu.

Namba tano: Suzuki GSX-8R

Ilionyeshwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2023. Injini ya cc 776 inavuta kwa nguvu kuanzia mizunguko midogo, kwikishifta inakuja nayo kiwandani, na mkao ni wa kistaarabu kuliko zote nilizozitaja hapo juu. Kwa safari ndefu ningeichagua mbele ya Yamaha bila kusita. Lakini nguvu inaishia kwenye mizunguko takribani 8,500, na kwa mtu anayependa kuifukuza injini hadi juu, inachoka mapema.

Kawasaki Ninja 650 naitaja kwa kifupi: siti ya chini, milimita 790, injini ngumu kuharibika, bora kwa anayeanza. Ladha ya spoti iko zaidi kwenye sura kuliko kwenye mwendo.

Ukienda kujaribu, usizunguke tu mtaa mmoja ukarudi. Omba barabara yenye kona, shika gia ya tatu, ingia ukiwa umefungua mafuta kidogo, kisha uyafungue taratibu katikati ya kona. Ikishtuka, hiyo ni kero utakayoishi nayo. Isipokwambia chochote, iache. Jaribu pia kubana breki ya mbele kwa kidole kimoja ukiwa mwendo wa wastani, usikilize kama unajua tairi linafanya nini. Na kwa iliyotumika, kagua cheni na tairi kabla ya kupanda: tairi lililolika katikati likawa bapa huifanya hata Aprilia iingie kona kwa uzito, nawe ukadhani pikipiki yenyewe ndiyo iliyo hivyo.