Saraka za viungo: nilizosajili tovuti yangu, na zilizoniletea wasomaji

Ukiwa na tovuti ndogo, hutakosa mtu wa kukushauri uisajili kwenye saraka za viungo, yaani tovuti zinazoorodhesha tovuti nyingine kwa mada. Tovuti yangu inafundisha kutengeneza cherehani za zamani, zile za chuma za kuzungusha kwa mkono na za kukanyaga, na nimeisajili kwenye saraka za kila aina: za bure, ya kulipia, za jumla, na zile zinazoshughulika na ushonaji na mashine zake tu. Kwa anayejiuliza kama bado inafaa, jibu langu ni kwamba zipo zinazofaa. Ni chache, na faida yake si ile inayotangazwa na wanaoziuza.

Wanaoziuza bado wanaishi kwa sifa za zamani. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walianza kupanga orodha ya tovuti kwa mada, na orodha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Yahoo. Mwaka 1998 ikafuata saraka nyingine, DMOZ, iliyohaririwa na watu wa kujitolea. Kukubaliwa na DMOZ kulikuwa jambo kubwa, kwa sababu data yake ilitolewa bure na tovuti nyingine nyingi ziliichukua. Hata Google ilikuwa na saraka yake iliyotokana nayo, hadi ilipoifunga mwaka 2011. Mhariri mmoja akikukubali, unajikuta umeorodheshwa mahali pengi. Yahoo nayo ilitoza tovuti za biashara dola 299 kwa mwaka, na watu walilipa, maana katika kupanga matokeo ya utafutaji Google ilikihesabu kiungo kama kura na kura ya Yahoo ilikuwa nzito.

Kilichofuata kilitarajiwa. Palipo na kura zenye thamani hapakosi mchuuzi wa kura. Programu za kuendeshea saraka zilipatikana kwa bei ndogo au bila malipo, na mtu yeyote mwenye seva akafungua yake, akajaza kategoria, akaanza kukusanya viungo. Mwezi wa Aprili 2012 Google ikaleta badiliko katika mfumo wake wa utafutaji, lililoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizopanda kwa viungo vya namna hiyo zikaporomoka. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017. Leo miongozo ya Google inavitaja waziwazi viungo vya saraka duni kuwa ni viungo taka.

Sasa nilichokiona mwenyewe. Nianze na saraka za bure za jumla, maana ndizo nyingi. Fomu zinafanana: jina la tovuti, anwani, maelezo mafupi, barua pepe, halafu uchague kategoria. Cherehani haina kategoria. Ninaishia "Nyumba na Bustani" au "Ununuzi", ingawa siuzi kitu. Baadhi zinakutaka uweke kwanza kiungo cha kuwarudia wao, na hizo niliziacha palepale. Zilizonikubali, nyingi zilifanya hivyo papo hapo, na hiyo tu inatosha kukuonyesha kwamba hakuna mtu aliyesoma ulichoandika. Ukifungua ukurasa uliowekwa, jirani zako ni kamari, mikopo ya haraka na vidonge vya kupunguza unene. Ni ukuta wa mabango yaliyobandikwa juu ya mabango: bango lako lipo, lakini hakuna apitaye kulisoma.

Takwimu za wageni zinaweza kukudanganya hapa. Baada ya kusajili, namba zilipanda na mtu angeweza kufurahi. Nilipofungua kumbukumbu za seva niliona wageni wengi wanachukua ukurasa mmoja bila picha hata moja, wanakuja kwa mafungu, kisha hawaonekani tena. Hao ni roboti. Mtu anayetaka kujua kwa nini uzi unakatika kwenye cherehani yake hufungua picha, hurudi nyuma, hukaa. Kwa hiyo kabla ya kuisifu saraka yoyote, tazama wageni waliotoka huko walifanya nini walipofika. Kwenye saraka hizi za jumla, waliotoka huko wakasoma kitu walikuwa karibu na hakuna.

Nina desturi moja ninayomshauri kila anayejaribu: kila saraka ipe anwani yake ya barua pepe, zote ziishie kwenye kisanduku kimoja. Utajua baada ya muda mfupi nani ameuza anwani yako. Mimi nilianza kupokea matangazo ya "kuipandisha tovuti yako hadi ukurasa wa kwanza" kupitia anwani nilizowapa saraka za bure tu, wala si kwingine.

Ya kulipia nilijaribu moja, kwa makusudi ya kupima. Ilitangaza ukaguzi wa haraka na kiungo kisicho na alama ya nofollow. Hapo pana jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa. Alama hiyo ilianzishwa mwaka 2005 ili kuziambia injini za utafutaji zisikihesabu kiungo, na mwaka 2019 Google iliongeza nyingine, sponsored, kwa ajili ya viungo vilivyolipiwa. Miongozo yao inataka kiungo cha kulipia kiwe na mojawapo. Kwa hiyo anayekuuzia kiungo "safi" kwa ajili ya kupanda kwenye utafutaji anakuuzia kilekile kilichokatazwa. Na anayekiweka alama ipasavyo ni mwaminifu, lakini basi unacholipia ni wasomaji tu, na una haki ya kuuliza wako wangapi.

Niliuliza. Jibu halikuwa na idadi ya wasomaji. Nilitumiwa alama ya mamlaka ya kikoa chao, iliyo kubwa kweli. Alama hiyo ni makisio ya kampuni ya Moz, inayotengeneza zana za kuchunguza tovuti, kuhusu jinsi tovuti inavyoweza kupanda kwenye utafutaji. Google haiitumii. Mtu akikuonyesha namba hiyo badala ya wasomaji, umeshajibiwa.

Kama umeshasajiliwa kwenye saraka mbovu usikose usingizi. Tangu 2016 Penguin ni sehemu ya mfumo wa kawaida wa Google, na viungo taka kwa kawaida vinapuuzwa tu. Mimi sikuhangaika kuvifuta.

Saraka za mada moja ni habari nyingine kabisa, na ndizo zilizonifanya nisiitupe dhana nzima. Kuna kurasa zinazotunzwa na wakusanyaji wa cherehani: viungo vya chati za namba za mashine, vitabu vya maelekezo vilivyoskaniwa, mahali pa kupata mikanda na bobini. Hazina sura ya kuvutia. Nilipoomba kuwekwa kwenye mojawapo, mhariri hakutaka ukurasa wangu wa mwanzo. Aliusoma ule wa kurekebisha muda wa ndoano na sindano, akauliza kama maelezo yangu yanafaa pia kwa mashine zenye bobini ndefu nyembamba, kisha akauweka huo chini ya kichwa kinachohusika na akaandika sentensi yake mwenyewe kuueleza. Sentensi hiyo ilikuwa bora kuliko tangazo nililokuwa nimejiandikia.

Wanaotoka huko si wengi. Lakini wanafika kwenye ukurasa waliouhitaji, wanafungua na mingine, na baadhi huandika: mmoja alinirekebisha kuhusu aina ya sindano, mwingine alinitumia picha ya sehemu ambayo sikuwahi kuiona nje ya kitabu. Sijui tangazo gani lingeniletea watu wa namna hiyo.

Kwa anayesoma tu, bila tovuti ya kutangaza, saraka nzuri ina faida nyingine. Ukitafuta jambo la ufundi siku hizi unapata kwanza matangazo ya duka, kisha makala zilizojazwa maneno bila mtu aliyeshika bisibisi. Orodha iliyopangwa na mtu anayeijua kazi inakuondolea hayo. Ndiyo maana bado natembelea Curlie, iliyorithi kazi ya DMOZ na inayohaririwa na watu wa kujitolea, na ooh.directory, iliyoanza 2022 kwa ajili ya blogu, ambayo hukuonyesha ni lini kila blogu iliandikwa mara ya mwisho. Hilo la mwisho ni dogo lakini lina maana, kwa sababu ugonjwa wa saraka tangu zamani ni viungo vilivyokufa.

Mwenye biashara yenye mlango na simu asichanganye haya na ramani na orodha za biashara za Google au Bing. Zile ajisajili, jina na anwani na namba viwe sawasawa kila mahali.

Kwa wengine wote, kabla ya kujaza fomu fungua viungo vichache vya saraka hiyo bila kuchagua. Tazama kama vinafanya kazi, kama maelezo yameandikwa na mhariri au ni matangazo ya wenye tovuti, na kama kuna dalili kwamba kitu chochote kimewahi kukataliwa humo. Kisha jiulize kama wewe ungeitumia kutafutia kitu. Zile za ushonaji nilizobaki nazo nazijulisha kila ninapobadilisha anwani ya ukurasa. Ile ya kulipia, muda wake ukiisha, sitauongeza.