Pedi za polishi ya gari: ipi ununue kwanza kama upo Arusha au Moshi

Juzi dogo mmoja anayeosha magari Sakina kanipigia simu, kashanunua mashine ya polishi, hela imebaki kidogo, yupo dukani kashika pedi mbili, zile sponji za duara zinazobandikwa kwenye mashine. "Kaka, nichukue ya njano au ya chungwa?" Nikamwambia weka zote chini, toka nje kwanza tuongee. Hilo swali la rangi limekula hela za watu wengi sana hapa mjini, na mimi nikiwemo.

Rangi ya pedi haina sheria moja, kila kampuni inapanga yake. Kwa Lake Country njano ni pedi ya kukata, yaani ya kuondoa mikwaruzo kwa nguvu, ngumu kabisa, lakini kwa Rupes njano ni laini, ya kusafisha baada ya kukata. Nyeupe ya Lake Country ni ya polishi ya kawaida, nyeupe ya Rupes ndo laini kuliko zote. Sasa na hizi zisizo na jina zinazokuja kwenye mifuko ya nailoni ndo kabisa, kaipaka rangi anayoitaka aliyetengeneza. Kwa hiyo ukifika dukani usiulize rangi, ibonyeze. Weka kidole gumba katikati ya pedi, kandamiza mpaka nusu halafu achia. Ikikataa kuingia na ukiipapasa unasikia vitundu vinakwaruza kidole, hiyo ni ya kukata. Ikiingia kwa kubisha kidogo na kurudi haraka ni ya kati. Ikizama kama godoro jipya ni ya kumalizia. Na ikibaki na shimo la kidole ukihesabu moja, mbili, tatu, irudishe, hiyo sponji haifiki hata gari la pili.

Sasa mpangilio wangu, na naupanga kwa mtu anayefanya magari ya huku kwetu, yaani IST, Noah, Harrier, Crown, Prado za kutoka Japani, zinazokula vumbi kutwa halafu zinafutwa na kitambaa kikavu asubuhi. Hicho kitambaa ndo kinacholeta ule utando wa buibui unaouona juani, sio mikwaruzo mirefu ya kwenda chini, ni mingi tu na imekaa juujuu.

Namba 1, tena bila ushindani, ni pedi ya kati. Na usinunue moja, nunua tatu au nne za aina hiyo hiyo. Najua seti ya vipande saba vya rangi saba inavutia na bei inaonekana rahisi lakini ndani yake pedi utakayoitumia kila siku ni moja, zilizobaki zinakaa kwenye boksi. Kwa nini nne? Kwa sababu pedi inajaa. Ukishapiga boneti na milango miwili, sponji imeshakunywa kompaundi (ile dawa ya kupolishia) na ule unga wa rangi iliyotoka, inakuwa nzito, inapata moto, na haikati tena, inapaka tu uchafu. Hapo unabadilisha, unaweka kavu, unaendelea, kuliko kukazana na ile ile huku unaongeza dawa. Ikikutana na kompaundi nzuri pedi ya kati inatoa sehemu kubwa ya utando wa buibui na inaacha mng'ao ambao mwenye gari ataridhika bila wewe kurudia mara ya pili, na inakula kidogo klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi. Hili la klia naomba ulichukulie kwa uzito, klia ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele wa kichwani, ukishaimaliza hakuna pedi wala dawa ya kuirudisha, ni kupaka rangi upya.

Namba 2 ni laini ya kumalizia, na hapa najua mafundi wengi watanibishia, wao wanaiweka ngumu ya pili. Mimi naiweka laini kwa sababu ya magari meusi. Kuna Toyota nyeusi ya kodi 202, fungua boneti utafute kile kibati chenye maandishi C/TR, ukikuta 202 ujue hiyo rangi ni laini sana, inakwaruzwa hata na taulo bovu. Mwaka jana nilifanya Crown ya namna hiyo kule Njiro, nikaimaliza na pedi ya kati saa kumi na mbili jioni, ikawa kama kioo, nimejipongeza kabisa. Asubuhi mwenyewe kaitoa juani kanipigia, "Fundi, njoo uone gari langu." Nikaenda. Kila ulipopita mkono wangu kulikuwa na ukungu wenye mistari, ukisogea na wenyewe unasogea. Nilirudia gari zima bure, pedi laini, dawa ya kumalizia, mkono mwepesi, siku nzima. Mbili za laini zinatosha kuanzia.

Namba 3 ndo ngumu ya kukata. Inahitajika, sisemi haihitajiki, gari lililopauka, lililopakwa rangi mtaani likabaki na chenga za vumbi ukalipiga msasa wa maji wa 2000, au Land Cruiser ya safari iliyochanwa na miiba pembeni. Hata hiyo ya miiba pitisha ukucha kwanza, ukucha ukinasa ujue mkwaruzo umeshapita klia au umekaribia, usijaribu kuumaliza kwa pedi, utapunguza makali yake tu uonekane kidogo. Nunua mbili na uzitumie siku zikihitajika.

Namba 4, pedi ndogo za inchi 3 na kibao chake, ile sahani ya mashine inayobandikwa pedi. Nguzo za madirisha, chini ya vitasa, pembeni ya taa, bampa la mbele lenye kona kona. Ukilazimisha pedi kubwa hapo ndo unachoma kingo, na kwenye kingo rangi huwa nyembamba.

Za manyoya na za maikrofaiba nimeziweka mwisho kwa anayeanza. Manyoya yanakata haraka kuliko sponji yoyote na hayapati moto sana, fundi wa rangi mwenye kazi za kila siku Unga Ltd anazihitaji, lakini yanaacha alama ambazo lazima uzifute na sponji, kwa hiyo bila namba 1 na 2 hazikusaidii.

Kuhusu size. Pedi lazima iwe kubwa kidogo kuliko kibao cha mashine, kibao cha inchi 5 kinakaa vizuri na pedi ya inchi 5 na nusu au 6. Vikilingana, siku mkono ukiinama kidogo plastiki inagusa rangi, na hiyo ni chapa ya kudumu. Pia usidanganyike na pedi nene. Kwa mashine ya DA, ile inayozunguka huku inatikisika, pedi nene inameza mtikisiko wote, juu mashine inalia, chini hakuna kinachofanyika. Chora mstari wa maka peni pembeni ya kibao, ukifanya kazi uuangalie, mstari ukisimama pedi haizunguki, umekandamiza mno au pedi ni nene kwa hiyo mashine. Yenye tundu katikati ni nzuri pia, katikati ndo moto unapojikusanya na tundu linakusaidia kuiweka sawa kwenye kibao.

Halafu kuna hili la grainda. Kibao cha pedi chenye nati ya M14 kinaingia kwenye grainda za kawaida, ndo maana watu wanafunga tu na kuanza. Ndugu zangu, grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika na nyingi hazina kupunguza, mashine ya polishi ya kuzunguka inaanzia karibu 600 na kazi nyingi unazifanya chini ya 2,000. Sponji haikutengenezwa kwa ile spidi. Nimeona pedi ikichomoka na kupasua taa ya nyuma ya Noah, na aliyekuwa ameshika alikuwa kijana wa miaka 19. Kama hela haitoshi mashine, fanya kwa mkono na sponji ya kushika, inachosha lakini inawezekana.

Wakati wa kununua igeuze pedi uangalie nyuma. Velkro iwe imefika mpaka karibu na ukingo, na gundi isiwe na sehemu iliyoachia, vuta kidogo kwa kucha. Pedi nyingi za bei chee hazifi sponji, zinafia kwenye gundi, moto ukipanda velkro inabaki kwenye mashine na sponji inaruka. Kuagiza Kariakoo au kuvuka Namanga zote sawa tu, ila omba video wakiibonyeza kwa kidole kabla hujatuma hela, muuzaji mwenye mzigo mzuri hakatai.

Na ukishazipata, kila ukimaliza paneli washa mashine taratibu uipitishie brashi laini ya nailoni, unga wote unatoka. Jioni osha na maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, kamua kwa kubonyeza, usinyonge kama nguo. Anika kivulini, na kipindi cha Julai huku kwetu zinachukua hata siku mbili kukauka, kwa hiyo osha mapema kama kesho kutwa una kazi. Zikikauka kila moja kwenye mfuko wake na ufunge, maana chembe moja ya mchanga wa Kisongo ikiingia kwenye pedi laini utaisikia kwenye boneti ya mtu.